Maji moto kutoka Moshi na Arusha: anza Chemka, kisha Ziwa Natron

Kila shule zinapofunga, simu yangu inajaa maswali yale yale. "Maji ya Chemka yanaunguza?" "Natron watu wanaogelea?" "Gari dogo kama Noah linafika?" "Nije na watoto?" Nimeyajibu mara nyingi mpaka nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kwenda.

Majibu ya haraka kwanza. Maji ya Chemka hayaunguzi, ni ya uvuguvugu. Natron, ziwani hakuogwi. Panapoogwa ni kwenye vijito vya maji moto vilivyo kando ya ziwa, tena si vyote. Noah inafika Chemka wakati wa kiangazi, Natron usijaribu. Watoto waende Chemka wakiwa na mtu mzima anayejua kuogelea. Safari ya Natron isubiri mpaka mtoto aweze kutembea juani saa nzima bila kubebwa.

Kuna kosa moja linalozaa makosa mengine yote, nalo ni kuamini jina la mahali. Mtu akisikia "Chemka" anadhani maji yanachemka kama ya kwenye sufuria, akifika anakuta ya kuogea mtoto. Mwingine akisikia neno "Ngare" anadhani kila Ngare ina maji moto. Kwa Kimaasai hilo ni neno la maji tu: Ngare Nairobi kule Siha ni maji baridi, Ngarenaro hapa Arusha mjini ni maji meusi. Jina likupeleke mpaka ukingoni. Ukishafika ukingoni, yapime maji mwenyewe.

Sehemu zenyewe ni zipi

Chemka, ambayo wengine huiita Maji Moto ya Rundugai au Kikuletwa, iko Wilaya ya Hai, kusini mwa Boma Ng'ombe. Ni bwawa la maji safi ya rangi ya samawati katikati ya tambarare kavu yenye vumbi, limezungukwa na mikuyu mikubwa iliyoinamisha mizizi majini. Maji yanatoka chini ya miamba ya volkano, yanaingia Mto Kikuletwa, na mto unaendelea hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Ziwa Natron liko Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, jirani na mpaka wa Kenya, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Huko ni nusu jangwa kwelikweli. Nyanda za juu za Ngorongoro zinakamata mvua, na bonde linabaki na jua. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, lakini ufukwe wa Natron uko kama mita 600. Mchana joto linaweza kupita nyuzi 40. Ziwa lenyewe halifiki kina cha mita 3, limejaa magadi, na kingoni mwake kuna chemchemi za maji moto.

Ipo pia Maji Moto ya Ziwa Manyara, ndani ya hifadhi ya taifa. Ile ni ya kutazama ukiwa juu ya daraja la mbao. Maji yake yanaunguza, na utalipa kiingilio cha hifadhi kama mgeni mwingine yeyote. Sitaizungumzia zaidi.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

Kwa Chemka hauhitaji mengi: nguo za kuogea, taulo au khanga, kandambili, maji ya kunywa, chakula kwenye mfuko unaofungwa vizuri (nyani na tumbili wa pale wana mikono myepesi), na fedha taslimu za kiingilio.

Kwa Natron, hakikisha vyote hivi vipo kwenye gari:

- Maji ya kunywa, lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na dumu la lita 20 la ziada kwa ajili ya kusuuza mwili na rejeta ya gari.
- Kipimajoto. Cha jikoni kinatosha, mradi kipime mpaka nyuzi 100.
- Viatu vya kufunga mguuni ambavyo havitakuuma vikilowa. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma zinafaa. Kandambili zitabaki kwenye tope.
- Kofia pana, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, miwani ya jua.
- Pakiti za ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini), plasta, dawa ya maumivu, na dawa zako za kila siku kama unazo.
- Spea mbili za tairi kama unaweza, jeki, spana ya magurudumu, pampu ya upepo, kamba ya kuvutia gari, sepetu.
- Tochi, chandarua, na simu iliyopakuliwa ramani ya eneo zima, maana mtandao unakatika kwa muda mrefu.
- Fedha taslimu, noti ndogondogo. Pesa ya simu bila mtandao haikusaidii.

Hatua ya 1: Chagua majira

Nenda Juni hadi Oktoba, au Januari hadi Februari. Masika, yaani Machi hadi Mei, iache kabisa kwa upande wa Natron. Makorongo yanayokatiza barabara huwa makavu asubuhi, na jioni yakajaa maji yaliyotoka milimani, wakati ulipo wewe hapajadondoka hata tone. Chemka masika panafikika, ila njia ya kuingia inageuka tope na pikipiki zinateleza.

Kama unaweza, epuka Jumapili na sikukuu kwa Chemka. Bwawa si kubwa. Siku hizo kuna muziki, nyama choma na watu wengi, na mtu anayejifunza kuogelea hapati nafasi. Jumanne saa tatu asubuhi unaweza kukuta mko watu wanne tu, na jua linapenya kwenye majani ya mikuyu hadi unaona changarawe za chini.

Hatua ya 2: Anza na Chemka

Usiruke hatua hii hata kama lengo lako ni Natron. Pale utajifunza mwili wako unavyoitikia maji ya uvuguvugu, na ukichoka, barabara kuu haiko mbali.

Kutoka Moshi panda daladala au Coaster ya kuelekea Arusha, shuka Boma Ng'ombe. Kutoka Arusha ni barabara ile ile kwa upande wa pili. Pale Boma utakuta bodaboda na bajaji. Sema "Chemka" na watakuelewa. Kubaliana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, chukua namba ya simu ya dereva, na umlipe nusu ukifika, nusu akikurudisha. Njia ni ya vumbi na rasta, kwa hiyo vaa barakoa au ufunge khanga puani. Ukiwa na gari lako, katiza kusini pale Boma na ufuate vibao. Njia inagawanyika mara kadhaa kwenye mashamba, kwa hiyo ukikosa kibao simama uulize. Wakazi wamezoea.

Getini lipa kiingilio na uchukue risiti. Bei ya Mtanzania ni tofauti na ya mgeni kutoka nje, basi beba kitambulisho chako. Maboya ya kuelea mara nyingi yanakodishwa palepale. Kodi.

Kabla ya kuingia, tazama maji yanaingilia wapi na yanatoka kwenda wapi. Upande yanakotoka kuelekea mtoni kuna mkondo. Hauonekani kwa juu, lakini unausikia miguuni. Asiyejua kuogelea abaki upande wa mizizi, mahali anapokanyaga chini. Ile kamba ya kubembea watu wanayorukia inavutia, lakini subiri kwanza uone wenzio watatu wameruka na kuibuka, ili ujue kina kiko wapi na miamba iko wapi.

Samaki wadogo watakudonoadonoa miguu. Hawana madhara.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma maji

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Joto la mwili wako ni karibu nyuzi 37. Maji ya nyuzi 36 hadi 39 unaweza kukaa ndani kwa raha. Yakifika 40, kaa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha toka upumzike kivulini. Zaidi ya 42, toka. Kwenye 50, ngozi inaungua ndani ya dakika chache. Kwenye 60 ni sekunde tu, na mtoto anaungua haraka kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni nyembamba.

Namna ya kupima ni hii:

1. Simama kwenye mwamba au ardhi ngumu, si kwenye ukingo wa tope.
2. Funga kipimajoto kwenye kijiti au kamba, kizamishe, subiri mpaka namba itulie.
3. Pima mahali tatu: karibu na jicho la chemchemi, katikati, na pale unapotaka kukaa.
4. Pima na chini. Maji ya juu yanaweza kuwa yamepozwa na upepo, na yale ya chini kwenye mchanga yakawa yanatokota.
5. Namba zikiridhisha, zamisha kiwiko, si mguu. Nyayo zetu zimekomaa, hasa sisi tuliokua tukitembea peku, haziambii ukweli.

Usipokuwa na kipimajoto, fuata kijito kwenda chini. Maji yanapoa kadiri yanavyosafiri. Sehemu yenye samaki wadogo na majani mabichi huwa afadhali kuliko pale mwamba ulipo mtupu, lakini Natron usitegemee alama hiyo peke yake. Huko kuna samaki jamii ya perege waliozoea maji ya moto yenye magadi ambayo samaki wengine yangewaua.

Maji ya chemchemi usiyanywe, hata yawe maangavu namna gani. Ukanda wetu huu una madini ya floraidi kwa wingi. Nenda Maji ya Chai au vijiji vya kuzunguka Meru utawaona watu wazima wenye meno ya kahawia waliyoyapata utotoni kwa maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za volkano zinapita hapo mbali. Kuyachemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Kichwa nacho kibaki nje ya maji ya uvuguvugu yaliyotuama, au ubane pua. Kuna kijidudu adimu sana kinachopenda maji ya joto na kinaingilia puani. Ni nadra, lakini kubana pua hakuna gharama.

Hatua ya 4: Tafuta gari la kwenda Natron

Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta yote, lenye kimo. Land Cruiser au linalofanana nalo. Gharama igawaneni watu watano au sita. Kwa mwenye bajeti ndogo, mabasi ya Arusha kwenda Loliondo yanapita Ngare Sero, kijiji kilicho kando ya Ziwa Natron. Yanaondoka alfajiri, na kurudi lazima ulale kijijini. Kata tiketi siku moja kabla.

Ukikodi gari, likague mwenyewe. Safari yangu ya kwanza ya Natron nilimwuliza dereva, "Spea ipo?" Akanijibu, "Ipo, mama." Nikaridhika. Tairi la nyuma likapasuka tukiwa tumeshapita kijiji cha Engaruka, saa saba mchana, jua la utosi. Spea ilikuwepo kweli, ila haikuwa na upepo hata kidogo. Ukiigonga inalia kama debe bovu. Tulikaa chini ya mgunga mmoja wenye kivuli kidogo kama meza, watu sita, kwa saa nne, mpaka lori la mifugo likapita na pampu. Maji tuliyobakiza yalikuwa chupa mbili. Tangu siku hiyo simwulizi dereva kama spea ipo. Naomba aishushe, naikanyaga.

Kagua hivi: spea zina upepo, jeki inanyanyua, spana inaingia kwenye nati za gari hilo hilo, rejeta imejaa, breki za mkono zinashika, na mafuta yamejazwa tenki zima. Jaza Mto wa Mbu. Ukipita pale usihesabu kituo kingine.

Hatua ya 5: Njia na vizuizi

Ondoka Arusha saa kumi na moja alfajiri. Fuata lami hadi Makuyuni, unakata kulia, na lami inaendelea hadi Mto wa Mbu. Pale nunua ndizi, chapati na barafu. Kisha unakata kaskazini kuelekea Engaruka, na kuanzia hapo ujiandae kwa vumbi. Jumla panga saa tano hadi sita kutoka Arusha, pamoja na kusimama.

Wakubwa wetu wengi waliijua barabara hii mwaka 2011, walipokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, yaani dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Msururu wa magari ulipita Ngare Sero mchana na usiku. Ukimkuta mzee aliyekwenda safari ile, muulize kuhusu makorongo. Atakuelekeza kuliko ramani.

Njiani kuna vizuizi vya ushuru, zaidi ya kimoja, kwa sababu unapita maeneo ya mamlaka tofauti. Hilo ndilo linalowakera wengi. Kabla ya safari piga simu kwa wenyeji au kwa kambi utakayolala, waulize vipo vingapi na kila kimoja ni kiasi gani. Ukifika, salimia kwanza, sema mnakwenda wapi na mko wangapi, lipa, dai risiti, na uiweke mahali utakapoipata tena. Asiyetoa risiti, mwombe kwa upole aonyeshe utaratibu wa malipo. Usipaze sauti. Kule utapita tena kesho.

Kwenye mchanga mwingi, punguza upepo wa matairi mpaka kama PSI 20, nenda mwendo mmoja bila kukanyaga breki ghafla. Ukirudi kwenye ardhi ngumu, jaza tena.

Hatua ya 6: Fika kijijini kwanza, majini baadaye

Ngare Sero ni kijiji cha watu, na chemchemi zina wenyewe. Usiendeshe gari moja kwa moja hadi ziwani. Simama kijijini, jitambulishe, chukua mwongozaji. Si suala la ada tu. Ukoko wa magadi ufukweni unaonekana mgumu kama saruji na chini yake ni tope la moto. Mwongozaji anajua ni wapi gari limezama wiki iliyopita.

Salamu zinafungua njia. Kwa mzee, shikamoo inatosha na inapendwa. Kwa Kimaasai, wanaume utawasalimia "Supai," watajibu "Epa." Mama mtu mzima msalimie "Takwenya," atajibu "Iko." Watu wanacheka kidogo wakisikia lafudhi yako, kisha mazungumzo yanaanza. Picha za watu au mifugo, omba kwanza.

Kubaliana na mwongozaji mambo matatu kabla ya kutoka: ni chemchemi ipi mnakwenda, mtatembea muda gani, na malipo ni kiasi gani kwa kundi zima.

Hatua ya 7: Kwenda kwenye chemchemi

Toka saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi jioni. Katikati ya mchana lala kivulini. Saa sita ufukweni hakuna kivuli cha kujificha hata kuku, na ule weupe wa magadi unarudisha jua usoni kutoka chini. Unaweza kuungua chini ya kidevu.

Hata ukiwa na mwongozaji, jifunze kuzitambua chemchemi. Tafuta ukanda mwembamba wa kijani kwenye tambarare ya kahawia. Tazama njia za mifugo: zikikutana kutoka pande tatu, kuna maji mbele. Ukiona ukoko mweupe na mwekundu kando ya kijito, na mvuke mwembamba asubuhi kabla jua halijapanda, hayo ni maji moto. Jioni mvuke hauuoni, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa nzuri ya anayetafuta.

Tembeeni kwa mstari mmoja, kila mtu akikanyaga alipokanyaga mwongozaji. Ukoko ukilia "krak" chini ya mguu, rudi nyuma hatua ileile uliyotoka. Usikimbilie mbele.

Flamingo, au heroe kama vitabu vinavyowaita, waangalie kwa mbali. Natron ndiyo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wa aina ndogo katika Afrika Mashariki yote. Kundi likishtuka na kuruka, umesogea mno. Usirushe droni.

Usitegemee bwawa la kupiga mbizi kama Chemka. Chemchemi nyingi za Natron ni vijito vya kina cha kifundo cha mguu au goti. Unakaa, hauogelei. Watu wanaokwenda na matarajio ya picha za hoteli wanarudi wamenuna, na wanapitwa na kitu kizuri: kukaa kwenye maji ya uvuguvugu wakati Lengai inabadilika rangi kutoka kijivu hadi waridi mbele yako.

Hatua ya 8: Kuingia majini

Pima kama ulivyojifunza hatua ya 3, na upime kila siku upya, kwa sababu kijito kinaweza kubadili njia. Baadhi ya macho ya chemchemi kule yanakaribia nyuzi 50, kwa hiyo sehemu ya kukaa iko chini zaidi kila mara.

Ingia polepole, kaa dakika kumi, toka kumi. Mwenye shinikizo la damu, mwenye matatizo ya moyo na mama mjamzito waloweke miguu tu. Aliyekunywa pombe asiingie. Mwenye kidonda au aliyenyoa miguu siku hiyo atawashwa vibaya na magadi. Usifungue macho ndani ya maji.

Sabuni, shampuu na kufua ni marufuku, na hapa nasema kwa moyo wote. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye kijito, mwenzetu juu yetu akaanza kujipaka shampuu. Chini yetu, mita chache tu, alikuwepo mama wa Kimaasai amepiga magoti na kikombe cha plastiki, anakinga maji kwenye dumu la njano, kikombe baada ya kikombe. Povu likampitia mikononi. Hakusema neno. Alimwaga dumu lote, akanyanyuka, akapanda juu zaidi yetu, akaanza upya. Dumu la lita 20 kwa kikombe kile ni zaidi ya vikombe 60. Wewe umekuja kupumzika. Yeye anategemea maji hayo kufulia, kunyweshea ndama, na siku mbaya kupikia. Mifugo ikifika, toka majini uipishe inywe.

Hatua ya 9: Baada ya kutoka

Suuza mwili mzima kwa maji ya dumu mara tu ukitoka, kabla magadi hayajakauka. Kunywa nusu lita hata kama huna kiu. Pumzika kivulini nusu saa kabla ya kuendesha gari au kutembea. Nguo na viatu visuuzwe pia, la sivyo vitakakamaa.

Ukibaki na muda, mwombe mwongozaji akupeleke maporomoko ya Mto Ngare Sero ndani ya korongo, maji matamu yasiyo na magadi, au kwenye nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizoganda kwenye majivu ya volkano karibu na kijiji.

Mambo yakienda kombo

*Kizunguzungu au kichwa kinauma ukiwa majini.* Toka, kaa chini palepale, usisimame ghafla. Kivuli, maji yenye ORS kwa funda ndogo, kitambaa kibichi shingoni. Mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, au ngozi ikawa kavu na moto, mwagie maji, mpepee, na anzeni safari ya kituo cha afya mara hiyo hiyo.

*Umeungua.* Mwagia maji safi ya dumu, yasiyo ya moto, kwa dakika 20. Vua viatu na pete mapema kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya kama malengelenge ni makubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au yako usoni.

*Mguu umezama kwenye ukoko.* Usiuvute kwa nguvu. Kaa chini, sambaza uzito, uchomoe taratibu ukiuzungusha. Suuza haraka.

*Ngozi inawasha usiku.* Ni magadi. Oga tena kwa maji matamu, paka mafuta ya kawaida. Ikiendelea zaidi ya siku mbili, muone daktari.

*Macho yanachoma.* Suuza kwa maji ya kunywa mfululizo kwa robo saa. Usisugue.

*Gari limezama kwenye mchanga.* Acha kukanyaga mafuta, unajichimbia. Shusheni abiria, chimbeni mbele ya matairi yote, punguzeni upepo, wekeni matawi makavu au mkeka, kisha gia ndogo polepole. Ikishindikana, mmoja abaki na gari na wawili waende kijijini pamoja na mwongozaji. Asiende mtu peke yake.

*Korongo limejaa maji.* Subiri. Maji haya hupungua kwa saa kadhaa. Kama huoni chini na hakuna mwenyeji aliyevuka mbele yako kwa miguu, usivuke.

*Maji ya Chemka yamekuwa ya kahawia.* Mvua imenyesha. Huwezi kuona kina wala miti iliyozama, basi siku hiyo usiruke kutoka kwenye kamba. Na mifereji ya umwagiliaji iliyotuama chini ya bwawa usiingie wakati wowote, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda maji ya namna hiyo. Ukiona damu kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya safari, nenda hospitali ukapime, na umwambie daktari ulioga wapi.

*Bodaboda wa Boma hakurudi kukuchukua.* Ndiyo maana ulichukua namba na kulipa nusu. Nenda getini, waombe wakuitie mwingine kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza likiingia pikipiki zinaadimika.